Maneno Thelathini na Saba

Taa ya manjano iliwaka saa tisa na dakika kumi na nne, jua likiwa bado kali juu ya bati la kibanda, na mzee aliyekuwa amechuchumaa akiongeza maji katika betri ya tatu akaliacha birika lilale upande hadi maji yakamwagika sakafuni. Hakuhitaji kugeuka ili ajue. Hii ilikuwa siku ya nne. Aligeuka hata hivyo, kwa kuwa kitu kisichotazamwa huzidi ukubwa nyuma ya kisogo.

Kwenye kioo kidogo, kwa herufi za kijani, lilikuwapo jina la hewani la shemeji yake, mume wa dada yake, herufi nne na tarakimu mbili ambazo hakuna mtu mwingine duniani aliyepewa. Chini yake mstari mmoja: ANA UJUMBE WAKO. KUBALI?

Shemeji huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini.

Mzee alisimama akitazama mpaka mstari ule ukafifia wenyewe, kama ulivyofifia jana. Kisha akachukua tambara akafuta maji sakafuni, taratibu, pembe hadi pembe, mfano wa mtu anayesafisha msikiti.

Kibanda hiki cha matofali juu ya kilima kilikuwa mali ya chama cha wapenzi wa redio, watu wenye kazi zao nyingine, waliozungumza angani kwa mapenzi tu na kwa kuhudumia majirani siku za dhiki. Ndani mlikuwa na mitambo miwili. Wa kwanza ni ripita, iliyosikia sauti hafifu kutoka mabondeni na papo hapo kuzirudia kwa nguvu, ili mtu wa upande huu wa mlima amsikie wa upande ule. Wa pili ni sanduku la ujumbe: kompyuta kuukuu iliyopokea maandishi kwa njia ya mawimbi na kuyatunza mpaka mwenyewe aje kuyachukua. Mzee alikuwa mlezi wa yote miwili kwa miaka ishirini na sita. Alizijua betri zake sita kama mtu ajuavyo wanawe, ipi mlafi wa maji, ipi mvivu asubuhi. Angani na duniani walimwita Sikio, maana pale ambapo wengine walisikia mafuta yakikaanga, yeye alisikia mtu akisema jina lake.

Siku ya kwanza alidhani ni mzaha wa mpumbavu fulani. Siku ya pili alichomoa kebo ya antena kwenye sanduku la ujumbe dakika tano kabla ya saa ile, akaketi kwenye kigoda akingoja. Taa haikuwaka. Lakini ripita, ambayo haikuguswa na mtu, ilifungua kinywa. Kipimo cha nguvu kilipanda, mlango wa sauti ukafunguka, na kwa muda wa pumzi tatu kipaza sauti kikatoa mvumo mtupu, mvumo wa mtu aliyebonyeza kitufe akakosa la kusema. Kisha kimya. Na katika kimya kile, kiangazi kikiwa kimekausha hata mijusi, Sikio alinusa magunia yaliyolowa.

Alisoma aliyoyahifadhi tangu utotoni, akarudisha kebo mahali pake, akashuka mlima kabla ya wakati wake.

Hakuwa peke yake aliyesikia. Siku ya tatu mwendesha lori mmoja wa bondeni aliuliza hewani, "Sikio, nani huyo anabonyeza halafu hasemi? Mwambie kama ana haya atafute mshenga!" Wengine wakacheka.

Siku ya sita akamwita Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu wa fizikia, mnene, mcheshi, aliyepanda kilima kwa fimbo na malalamiko.

"Sikio! Huu mlima mnauongeza urefu kila mwaka, au magoti yangu ndiyo yanapungua?"

"Pumzika kwanza. Bado dakika nane."

"Dakika nane za nini? Umenipikia?"

"Kuna mtu anatumia jina la marehemu shemeji yangu hewani."

"Mtu gani?"

"Ningemjua ningekusumbua wewe na tumbo lako?"

Taa ikawaka. Mwenyekiti alivua kofia, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akasoma mara mbili midomo ikitikisika. Halafu akapiga paja lake kwa kiganja.

"Loo! Ndugu yangu, huyu si jini. Huyu ni tarishi." Akaketi juu ya sanduku la vifaa. "Hukuambiwa? Ijumaa iliyopita vijana wamekifufua kituo cha kati, kile cha kupokeza ujumbe kule kwenye ukingo wa mto. Tangu mafuriko kilikuwa kimekufa. Wamefunga betri mpya wakawasha, wala hawakufuta kumbukumbu. Sasa barua ilikuwa imelala mle mle, humo tumboni. Kimeamka, kinaendelea pale kilipoachia. Chenyewe hakijui kama imepita miaka kumi na mmoja. Kinadhani kimesinzia kidogo."

"Kwa nini saa hii hii?"

"Kwa sababu ndiyo saa barua ilipoandikwa. Kinabisha hodi mara moja kwa siku, saa ile ile. Si ndivyo tulivyokipangia wenyewe, mimi na wewe? Na kisipoitikiwa siku thelathini kinafuta, yaishe." Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. "Bonyeza, Sikio. Maskini, pengine alikuwa anamuaga mkewe."

"Nitabonyeza. Nikiwa peke yangu."

"Haki yako. Barua ni ya jina lako, hakuna mwingine awezaye kuifungua." Akasimama kwa shida. "Sisi wengine tulidhani amekufa bila kuandika hata mstari. Allah amrehemu. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, kisha kuusukuma tena aone kama umefunga kweli."

Mwenyekiti aliposhuka, Sikio alibaki amesimama. Angelikuwa ni jini, angelisomewa akaondoka. Tarishi haondoki mpaka akabidhi amana.

*

Siku ya mafuriko, watu tisa walikuwa wamekimbilia juu ya paa la shule, na shemeji, mwendesha pampu ya maji, alikuwa miongoni mwao na redio yake ya mkononi, iliyoweza pia kutuma maandishi. Adhuhuri aliripoti: tuko shule, tuko salama. Kibandani juu ya kilima walikuwapo Sikio, Mwenyekiti, na maofisa wawili wa maafa waliokuja kuona kama michezo hii ya redio ina faida yoyote. Boti ilikuwa moja tu, nayo ilingoja kuambiwa iende wapi.

Saa tisa na robo shemeji aliita tena. Radi zilikuwa zinapasua anga. Kwa desturi ya watu wa redio, ujumbe wa dhiki husomwa neno kwa neno, na mwishoni msomaji hutaja hesabu ya maneno yote, ili anayeandika ajihesabie, na kama yamepungua aseme: rudia. Kanuni hiyo Sikio ndiye aliyeifundisha chama kizima. "Usiseme nimepokea ila ukiwa umepokea," alikuwa akiwaambia wanagenzi, "kwani nimepokea ni ushahidi, na shahidi wa uongo mnajua malipo yake."

Radi ikameza mwanzo. Kisha alisikia: tuko juu ya paa, watu tisa, mmoja amevunjika mguu. Kisha radi. Kisha: leteni kamba ndefu, boti ije kabla ya jua kutua. Kisha, kwa sauti iliyochoka, "Maneno thelathini na saba."

Karatasini mwake yalikuwapo maneno kumi na manane.

"Mmh, mimi nimesikia mafuta tu," Mwenyekiti alinong'ona. "Mwambie arudie."

Ofisa mmoja aliinua nyusi akamtazama mwenzake. Sikio aliona nyusi zile. Miaka mingi ya kusifiwa ilimsimama kooni kama mwiba wa samaki.

"Hakuna haja," alisema, akabonyeza kitufe. "Nimepokea yote."

Kisha, akiwa amewapa mgongo, akajaza fomu. Shule ilijulikana, paa lilijulikana. Aliandika mwanzoni: Bado tupo shuleni, maji yanapanda, tunawasubiri hapa. Maneno saba. Katikati akatia mengine kumi na mawili ya mfano huo huo, akahesabu kwa ncha ya kalamu, yakatimia thelathini na saba kamili. Ofisa akaipokea fomu kwa mikono miwili. "Mzee, wewe kweli ni sikio," alisema.

Boti ilikwenda shule ikakuta paa tupu. Ilipogeuka kuwatafuta kwingine na kufika ghala la magunia, mwendo wa saa moja na nusu dhidi ya mkondo, ghala lilikuwa limekwenda na mto, na watu tisa pamoja nalo.

Watu wakauliza, aliyewahamisha ni nani? Mwendesha pampu. Na redio alikuwa nayo? Alikuwa nayo. Basi kwa nini hakusema? Swali hilo halikupata wa kulijibu, na swali lisilojibiwa huzaa hukumu. Shemeji akazikwa na laana za nyumba tano, naye Sikio akayaona hayo yote, akanyamaza.

*

Dada yake alihamia kwake mwaka uliofuata, kwa kuwa wateja hawakupeleka tena nguo kwa mke wa mtu yule. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani yake, vipande vya vitambaa, na rafu ambayo juu yake Sikio aliweka redio ndogo ya nyumbani.

Siku ya ishirini ya ile taa hakupanda mlima. Alisema ana homa. Saa tisa na dakika kumi na nne, dada akiwa anatia pindo shuka la mtu, redio ile juu ya rafu ikafunguka: mvumo, pumzi tatu, kimya. Cherehani ikasimama.

"Nani huyo?"

"Mitambo tu. Joto."

"Juzi nayo ilifanya hivyo, na siku ya kabla yake. Saa hii hii." Alivuta uzi akaukata kwa meno. "Kaka, nikwambie kitu usinicheke? Nilipoisikia nilisema moyoni, huyu ni yeye, amebonyeza, na bado hasemi."

Sikio alijikunyata ndani ya blanketi.

"Leo mke wa mwashi amepita hapa dirishani," dada aliendelea, "akageuza uso ukutani kama ameona mzoga. Sikumlaumu. Alizika watatu siku moja. Nikae nimwambie nini? Kwamba mume wangu alikuwa mtu mwema? Mwema angewaambia. Neno moja tu, Kaka: tumehama. Redio ilikuwa mkononi mwake. Kila mtu ananihurumia kwa kufiwa, hakuna ajuaye kwamba mimi ndiye ninayemlaumu kuliko wote. Hata dua nikimwombea, ulimi unakuwa mzito."

Akakanyaga cherehani tena, kwa kasi, mshono ukaenda upogo, akaufumua.

Mzee alifumba macho. Kwa siku ishirini alikuwa amejiambia kwamba hana hakika ujumbe ule una nini. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini huyu alikuwa amepata jambo ambalo wagonjwa wengi wangelitamani, kilio chenye muda wa mwisho. Siku kumi zaidi, na kituo cha kati kingefuta chenyewe. Hakuhitaji kutenda dhambi yoyote mpya. Alihitaji kukaa kimya tu, na kukaa kimya alikuwa amekwisha kukuzoea.

Akangoja. Siku ya ishirini na tano waya zinazoshikilia mnara zilianza kuimba bila upepo. Siku ya ishirini na saba alifungua mlango wa kibanda akakuta sakafu ina unyevu, alama ndefu ya maji chini ya kioo, na paa ni zima. Siku ya ishirini na nane aliswali alasiri pale pale kibandani, na katika sijda ya mwisho akasikia, au alidhani amesikia, mtu nyuma yake akihesabu polepole: moja, mbili, tatu. Hesabu ilifika kumi na nane ikasita. Alikaa hivyo, paji la uso chini, akingoja kumi na tisa. Haikuja.

Siku ya thelathini alipanda mapema. Kalamu aliichonga nyumbani. Saa ilipotimia, taa ikawaka, mstari ukaja, na chini yake safari hii pakaongezwa: SIKU YA MWISHO. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda ambao hakuweza kuupima baadaye. Hakuwaza moto wala pepo. Aliwaza ulimi wa dada yake unaokuwa mzito katika dua.

Akabonyeza.

Ripita ikafunguka wakati huo huo, na haikufunga. Mvumo ule ule ulijaa kibanda alipokuwa akinakili kwa mkono, herufi kubwa, neno kwa neno:

*Shule imeanza kubomoka tumehamia ghala la magunia tuko juu ya paa watu tisa mmoja amevunjika mguu msije shule mkondo huko ni mkali njooni upande wa magharibi wa ghala leteni kamba ndefu boti ije kabla ya jua kutua.*

Alihesabu. Alipogusa neno la thelathini na saba, mlango wa sauti ulifungwa.

*

Dada alikuwa anapiga pasi. Sikio hakuketi. Aliweka mezani karatasi mbili: aliyotoka nayo mlimani, na nyingine ya manjano aliyoitoa katika jalada la chama, fomu ya mwaka ule.

"Nini hivi?"

"Hii ndiyo aliyotuma mumeo. Hii ndiyo niliyoandika mimi."

Alisoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Akarudi ya kwanza. Pasi ilianza kuunguza kitambaa, akainyanyua akaisimamisha bila kuitazama. Kisha akaweka kidole juu ya neno la kwanza la karatasi mpya akahesabu kwa sauti hadi mwisho. Akahamia kwenye ya manjano akahesabu nayo.

"Thelathini na saba," alisema. "Na hii thelathini na saba."

"Ndiyo."

"Zimelingana vipi?"

"Nilisikia kumi na manane. Yaliyobaki niliyatunga."

"Ukamwambia nini yeye?"

"Nilimwambia nimepokea yote."

Dada alikaa kitako juu ya lundo la nguo za watu. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo na kavu. "Kwa hiyo alikufa akijua mnakuja."

Sikio alifungua kinywa kuomba radhi, na dada akainua mkono.

"Usiniombe. Nikikusamehe hapa, utalala. Mimi miaka kumi na mmoja nimemnyima dua mume wangu, na wewe ulikuwa unakula chakula changu ukinisikiliza. Umesikia, Kaka? Ukinisikiliza!"

"Nimesikia."

"Haya. Mimi ni nyumba moja. Zimebaki tano." Alizihesabu kwa vidole, bila kutetereka: "Mpishi wa shule. Mkunga. Mlinzi wa ghala. Mwalimu wa hesabu na mkewe. Mwashi na wanawe wawili. Utasoma zote mbili, kila nyumba. Kwanza ya uongo, halafu ya kweli."

"Leo?"

"Jua lingali juu."

Akajitanda mtandio akatangulia. Walipita barabara ya maduka, yeye mbele, kaka yake nyuma kwa hatua tatu, na watu waliozoea kumwamkia mzee walimwamkia, "Shikamoo, Sikio," naye akaitikia marahaba na kila marahaba ikamchoma. Hawakuanza na nyumba rahisi. Dada alikwenda moja kwa moja kwa mke wa mwashi, aliyekuwa uani akianua nguo kwenye kamba.

Mwanamke yule aliwaona, mikono ikabaki juu ya kamba.

"Umepotea njia?"

"Sikupotea," dada alisema. "Huyu kaka yangu ana maneno ya mumeo na wanao. Na ya mume wangu."

"Mume wako ana maneno leo?"

"Alikuwa nayo siku ile ile."

Mke wa mwashi aliwatazama kwa zamu. Aliiona karatasi ya manjano mkononi mwa mzee, akashusha mikono. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani, akawaita mama mkwe wake na binti zake wawili, na mama mkwe, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kufa, akaletwa kwa kushikwa mkono hadi kwenye kigoda.

"Sema kwa nguvu," bikizee alisema. "Mimi sisikii vizuri."

Sikio alimtazama dada yake. Dada alikuwa anatazama kamba ya nguo. Hakuna aliyemsaidia. Akaishika fomu ya manjano kwa mikono miwili na kuanza kusoma kwa sauti kubwa uongo wake, neno la kwanza, la pili, la tatu, na kila neno akilitaja hesabu yake, ili wajue hasa ni wapi alipoacha kusikia.